Ile karatasi ya ACR 0 usiiweke chini ya matela

Haya njo nilisema jumamosi ku salle ya parokia, hapa Kadutu mu Bukavu, juu ya kupima maziwa ya mwanamuke na ile karatasi ya majibu. Mvua ilinyesha tangu asubui na wengi wa Bagira na Panzi hawakufika, ndiyo maana naandika yote, hata fasi watu walicheka. Picha za ku mashini sikuziweka, juu bila mutu wa kukuonyesha na kidole utaona paka mawingu.

Jambo bamama! Jambo tena! Jambo bababa, ninyi watatu. Nimewaona, mumekaa karibu na mulango kama watu wenye kutaka kukimbia. Mukae tu. Kansere ya ziwa inapata na wanaume, kidogo sana, karibu mutu mmoja kwa wagonjwa mia ao chini ya hapo, lakini inapata. Na tena pesa ya ekografi mara mingi iko mu mufuko yenu, kwa hiyo musikieni vizuri.

Mimi kazi yangu ni ekografi. Nakaa mu chumba kidogo chenye giza, naangalia na mashini ndani ya mwili: mimba, maini, figo, na maziwa. Leo nasema juu ya maziwa, na si ya kunywa.

Nianze na ulizo. Nani hapa alisha kupimwa ziwa, kwa mukono ao kwa mashini, akapewa karatasi yenye hakuielewa? Inueni mukono. Moja, mbili, ine... mama wa kitambaa cha kijani unainua nusu, inua yote tu, hakuna mutu atakuandika. Tisa. Sasa hizo karatasi tisa ziko wapi leo? (Mmoja akajibu: mu sanduku. Mwengine nyuma: chini ya matela!) Eh. Chini ya matela. Njo hiyo imenileta.

Kuna mama mmoja alinifikia, simutaje jina wala mutaa. Alifika saa ine kamili ya asubui, amevaa vizuri, kibeti ku mukono. Nikamwambia mama, leo huko na randevu. Akasema niko nayo, ninyi wenyewe muliandika, na hii ni siku ya tatu nakuja saa ine munanirudisha! Akatoa karatasi. Ilikuwa kifaransa, na kweli, imeandikwa: ziwa la kushoto, 10 h.

Munacheka. Lakini ye angejua namna gani? Sisi wa hii kazi tunachukua ziwa kama saa ya ku ukuta, chuchu iko katikati, halafu tunaandika kitu iko upande wa saa fulani ili mwenzetu apate fasi ile ile. 10 h ilikuwa anwani ya kivimbe chake. Ye alisoma randevu. Na tangu ku guichet mpaka kwa munganga hakuna mutu hata mmoja alimweleza. Siku tatu, bamama! Pesa ya pikipiki kwenda na kurudi mara tatu, juu ya namba moja yenye hatukuitafsiri.

Chini ya ile karatasi kulikuwa tena ACR 0. Akaniuliza, zero ni nini? Mutoto akitoka ku masomo na zero tunajua ameanguka. Mufuko ikiwa zero tunajua hakuna kitu. Sasa mimi, nimeanguka ao sina kitu?

Lile ulizo ni zuri sana, nililiandika mu kayee yangu. Jibu langu ni hivi: zero hapa maana yake kazi haijaisha. Aliyepima ameangalia, na vile ameona havimutoshi kusema ndiyo ao hapana, anataka chombo kingine kiongezwe. ACR ni herufi za chama cha waradiolojia wa Marekani, wao njo walipanga ile hesabu. Moja, hakuna kitu. Mbili, kuna kitu lakini hakina ubaya. Tatu, karibu hakika hakina ubaya, hatari haipite 2 kwa 100, lakini tunakichunga. Ine na tano, tunachukua kipande kwa sindano tupime. Sita, kansere imesha kujulikana. Na zero? Zero ni ulizo. Ulizo linangojea jibu. Na jibu halitoke chini ya matela.

Sasa mutaniuliza, ile mashini kubwa ya mamografi, yenye kupiga ziwa picha na mionzi, ya pesa mingi vile, inashindwa namna gani kuona?

Bamama wa sokoni mutanielewa mbio. Chukua sinia ya maharagwe meusi, tupa mule punje moja ya mahindi meupe. Unaiona? Hata mutoto anaiona. Sasa chukua sinia ya unga wa muhogo, tupa mule ile punje moja. Iko mule, lakini ni nyeupe ndani ya nyeupe, macho yako ni mazuri na bado haiione. Mamografi ni vile vile. Ku picha yake mafuta ya ziwa yanatoka meusi, nyama ya ziwa yenye kubanana inatoka nyeupe, na kivimbe nacho kinatoka cheupe. Ziwa lenye mafuta mingi ni sinia ya maharagwe. Ziwa lenye kubanana ni sinia ya unga. Na maziwa ya namna hii si ajabu, kwa wanawake wenye kupita miaka 40 karibu nusu wako nayo, na kwa wasichana ni mingi zaidi.

Najua kuna wenye kuanza kujipapasa sasa (kicheko). Muache, mukono haujue. Ziwa linaweza kuwa laini kama mukate na bado likabanana ku picha, lingine gumu na liko la mafuta tu. Ni picha paka njo inasema. Kule Marekani tangu tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 2024 ni sheria, kila mwanamuke akipigwa mamografi anaandikiwa kama maziwa yake yamebanana ao hapana, tena kwa maneno yenye anaweza kuelewa. Siwasifu kwa kila kitu, lakini hapo wametushinda. Kwetu mamografi ni chache, wengi munapimwa kwa mukono, wengine munavuka mupaka munarudi na baasha, na baasha ikifika nyumbani hakuna wa kuisoma.

Sasa ekografi inafanya nini yenye mamografi haikufanya?

Kiswahili chetu kina akili. Hii ziwa ya Kivu tunaiita ziwa, na hili la mwanamuke tunaliita ziwa. Hii ya Kivu kina chake kinapita mita 450, nani alishuka na kamba akapima? Hawashuke. Wanatuma sauti, sauti inagonga chini, inarudi, wanahesabu imekawia wakati gani. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia Mufaransa mmoja, Paul Langevin, alitumia sauti ya namna hiyo, yenye masikio ya mutu haisikie, kutafuta manowari zenye kujificha chini ya maji. Halafu munganga mmoja Mwingereza, John Wild, kule Minnesota Marekani, pamoja na fundi John Reid, wakasema kama inapata manowari, itashindwa kivimbe? Mwaka 1952 walikuwa wamesha kuandika juu ya maziwa ya wanawake wazima, na sauti yenye kurudi. Basi bamama, muone, ziwa ni moja ya mambo ya kwanza kabisa ekografi ilitafuta. Siku hizi tunafikiri ni ya mimba tu.

Maji sauti inapita bila kugongana na kitu, ku ekra yanatoka meusi kabisa, mviringo, safi. Hiyo tunaiita kiste, ni kifuko cha maji, na kikiwa cha maji matupu tunamwambia mama nenda nyumbani. Kitu kigumu kinatoka kijivu. Kikiwa kimelala, mupaka wake laini kama yai, roho yetu inatulia kidogo. Kikiwa kimesimama, kirefu kuliko upana wake, mupaka umechanika, na nyuma yake kunaanguka kivuli, hapo nanyamaza kidogo. Mamografi ilikuwa imeona nini? Doa nyeupe. Doa la maji na doa la nyama kwake vinaweza kufanana. Mama mmoja wa kuuza mawese aliniambia, sasa nimeelewa, ni kama bidon, asubui na baridi ya hapa Bukavu huwezi kujua mafuta yameganda ao ni maji maji mpaka uiinamishe. Nilimwambia wewe ndiye ungefundisha.

Na haiume! Nasema juu najua kuna wenye kuogopa. Unalala chali, mukono unaweka nyuma ya kichwa, chini ya bega nakunja kitenge ili ziwa litandazike. Halafu ile jeli. Baridi! Kila mama anaruka, hata yule aliyezaa mara nane. Mimi naiweka chupa chini ya kwapa yangu wakati nasoma karatasi zako, ikipata joto kidogo njo naimwaga. Nazungusha kile chombo pole pole, saa moja mpaka saa kumi na mbili, halafu kwapani, juu kwapani njo kuna tezi fasi kansere inapenda kukimbilia. Dakika kumi na tano ao ishirini. Hakuna mionzi, kwa hiyo hata mwenye mimba, hata mwenye kunyonyesha, aje.

Nilipima binti mmoja wa miaka 23. Alileta kivimbe chake, kinakimbia chini ya kidole kama jiwe mu sabuni. Ukoo ulikuwa umesha kukusanya, mjomba wa Walungu ameuza mbuzi ili wamukate. Nikaangalia, kimelala, laini, kama yai. Munganga akaandika ACR 3, inaonekana ni fibroadenoma, kivimbe chenye si kansere, arudi kisha miezi 6. Mjomba akakasirika! Nimeuza mbuzi, ninyi munasema arudi? Tulikaa naye karibu saa nzima. Binti akarudi miezi 6, akarudi mwaka, akarudi miaka miwili. Kile kitu hakikuongezeka hata milimita moja. Hakukatwa. Yule mbuzi mpaka leo ni mimi namulipa, kila wakikutana na mimi ku Nyawera wananikumbusha.

Sasa nitasema nyingine, na hii siipendi.

Miaka fulani nilikuwa nakaa ku guichet ya hopitali moja, siitaje. Kazi yangu ilikuwa kupana majibu. Mistari mirefu, kila mutu anagonga kioo. Alifika mama muuza sambaza, mikono bado inanuka samaki, alikuwa ameacha beseni yake nje kwa mutoto. Nikamupa karatasi. ACR 0, wanaomba ekografi. Akaniuliza neno moja, ni mubaya? Nikasema hapana mama, utarudia tu ekografi. Nikaita mwengine.

Utarudia tu. Nimefikiri juu ya ile "tu" miaka. Mimi nilitaka kumutuliza. Ye alisikia "tu", na mutu mwenye beseni ya sambaza yenye kuharibika ku jua, mwenye watoto sita, akisikia "tu" anafanya nini? Anaenda kuuza sambaza. Angefanya nini kingine?

Alirudi kisha miezi 14. Ngozi ya ziwa imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani. Karatasi alikuwa nayo, imekunjwa mara ine, ameichunga vizuri, haina hata doa. Alinipa kupitia kioo kile kile. Hakunikumbuka. Mimi nilimukumbuka.

Alikufa mbele ya Noeli.

Kwa hiyo nikisema leo musiweke karatasi chini ya matela, musifikiri nawagombeza ninyi peke yenu. Kosa kubwa liko upande wetu wa kioo. Kila mwezi wa 10, mwezi wa kansere ya ziwa, tunavaa tisheti za rozi, tunaandamana, tunapima watu, picha zinapigwa. Mwezi wa 11 nani anauliza wale wenye zero walienda wapi? Mimi nasema heri tupime wamama 50 na tuwafuate wote mpaka mwisho, kuliko kupima 500 na kuwaachia karatasi. Wenzangu wengine hawakubali hiyo, tunabishana. OMS yenyewe, lile shirika la afya la dunia, ilisema, tangu mwanamuke amefika na shida mpaka kujulikana ni nini, zisipite siku 60. Siku 60! Yule mama wa sambaza alipita 400.

Sasa musitoke hapa museme dada wa ekografi amesema mamografi ni bure. Sikusema! Kuna kansere zinaanza na punje ndogo sana za chokaa, kama vumbi ya chumvi. Hizo mamografi inaziona, ekografi inaziruka. Moja haikamate fasi ya nyingine. Kule Japani walifuata wanawake karibu 73,000 wa miaka 40 mpaka 49, majibu yalitoka mwaka 2016. Kwa kansere 100, mamografi peke yake ilinasa 77, pamoja na ekografi zikafika 91. Muzuri, si njo? Lakini na wale waliotishwa bure waliongezeka pia. Ekografi inaona mambo mingi, na mingi yake haina maana. Njo maana mimi napenda itumike fasi kuna ulizo, kuliko zile banderole za ku barabara, "ekografi ya mwili mzima, bei ya promosho". Ya mwili mzima unatafuta nini, baba?

Na kitu kimoja cha ujanja, hii muishike. Mu vituo vidogo vingi kuna mashini ya mimba. Chombo chake kimejikunja kama ndizi, kinaangalia mbali, ndani ya tumbo. Kwa ziwa tunataka kile cha sura nyoofu, kinaona karibu na kinaona vizuri. Ulize tu, bila haya: muko na sonde ya ziwa? Wakikuangalia vibaya, utoke. Ekografi mubaya ni mubaya kuliko kukosa, juu inakupa usingizi wa bure. Na hata na chombo kizuri, mukono na jicho la mutu njo vinapima, mwenye kuzoea mimba peke yake anaweza kupita juu ya kitu.

Ulizo la sindano, nalijua liko mu vichwa vyenu, kila fasi naenda linatoka. "Wakitoboa, kansere inakasirika, inatawanyika." Nani alisha kusikia? Wote! Basi. Sindano haiamushe kansere. Tunaweka ganzi, tunafuata ncha yake ku ekra mpaka iingie mu kivimbe, tunachukua vipande vidogo kama tambi, wanaenda kupima. Wale walitobolewa wakakutwa na kansere, ilikuwa mule mbele ya sindano. Na wengi wa wale wenye kupewa ACR 0, kisha yote kwisha, wanakutwa bila kansere. Wengi sana. Lakini huwezi kujua uko mu kundi gani ukikaa nyumbani.

Bababa watatu, sijawasahau. Mama akikuambia wamesema nirudi, usiulize kwanza "tena pesa?" Najua hali iko namna gani, siishi Ulaya, na mimi nalipa nyumba hapa hapa. Uliza kwanza "wameandika namba gani?" Halafu tutafute pesa.

Mbele ya kwenda, beba karatasi zote za zamani na picha zote, hata zenye kukunjwa. Ukiwa bado unaona mwezi, enda wiki moja hivi kisha kuanza, maziwa yanakuwa hayaume sana. Usipake mafuta wala pudra siku ile.

Basi nimesema mingi, mama presidante ananionyesha saa. Wale wenye karatasi mu kibeti, najua muko wawili watatu, mulikuja nazo na mumenyamaza, mukuje hapa upande wa dirisha fasi kuko mwanga. Tutasoma moja moja, pole pole, kwa kiswahili. Na kama imeandikwa 10 h, nitakuonyesha ni wapi.